"Wakimwekea oksijeni ndo basi tena?" Jibu kwa dada wa Ngamiani

Swali alilouliza dada mmoja wa Ngamiani, Tanga, nalifupisha hivi: baba yake ana miaka 68, kafanya kazi mashamba ya mkonge miaka mingi upande wa brashi (kule nyuzi za mkonge zinakosuguliwa), aliwahi kuumwa TB akamaliza dozi. Wiki hii kazidiwa usiku wakampeleka hospitali, kipimo cha kidoleni cha oksijeni ya kwenye damu kikasoma asilimia 81, wakaambiwa mapafu yamefeli. Kawekewa oksijeni ya puani, na daktari kasema asipopata nafuu watamhamishia kwenye mashine ya maski. Sasa ndugu wamegawanyika, shangazi mtu anasema mtu akishawekewa oksijeni harudi nyumbani mzima, na yeye dada anamlaumu nesi maana anakataa kuongeza gesi, anasema 90 inatosha wakati yeye kasoma kwenye simu kwamba mtu mzima anatakiwa awe na 95. Anataka kujua mapafu kufeli maana yake nini, na hizi mashine na utafiti wake zinasaidia kweli au watu wanajaribiwa tu.

Marahaba mwanangu, na pole sana, mwambie mzee namuombea afya. Nitakujibu kirefu kidogo manake swali lako limebeba maswali manne, na moja la hayo, la shangazi, nimeulizwa pembeni ya kitanda mara nyingi mno kuliko yote tangu nianze kazi hii ya kuangalia wagonjwa mahututi.

Kwanza neno kufeli. Watu wakisikia mapafu yamefeli wanaona kama yamekufa, kwisha habari. Sisi hatumaanishi hivo. Mapafu yana kazi mbili, kuingiza oksijeni kwenye damu na kutoa hewa chafu, hewa ukaa. Kufeli ni pale moja ya kazi hizo, au zote mbili, inapoanguka chini ya kiwango mwili unachoweza kuvumilia. Inaweza kuwa kwa siku tatu ikapita, kama nimonia, inaweza kuwa jambo la kudumu. Ni hali, sio hukumu.

Ukitaka kuelewa vizuri chukua mfano wa kifumbu cha kukamulia tui. Ndani ya mapafu kuna vifuko vidogo sana, mamilioni, na ukuta wa kila kifuko ni mwembamba hewa inapita kwenda kwenye damu kama tui linavyopita kwenye kifumbu. Sasa kifumbu kikijaa tope (usaha wa nimonia, maji, uvimbe) hewa haipiti, oksijeni kwenye damu inashuka, hii ni aina ya kwanza ya kufeli. Aina ya pili kifumbu chaweza kuwa na afadhali lakini mkono unaokamua umechoka, yaani misuli ya kifua na ule msuli mpana ulio chini ya mapafu imeshindwa kusukuma hewa nje, hewa ukaa inajaa kwenye damu, mgonjwa anaanza kusinzia, anaongea maneno hayaeleweki, ndugu wanafurahi wanasema afadhali mzee amelala. Hapana. Mgonjwa wa kifua aliyekuwa anahangaika alafu ghafla akatulia na kulala fofofo bila sababu, huyo muite nesi saa hiyohiyo, usingoje raundi ya asubuhi.

Aina hii ya pili inampata mtu ambaye hana ugonjwa wa mapafu kabisa, mfano aliyeng'atwa na nyoka mwenye sumu ya kupoozesha. Nilikuwa kijana kazini, kaletwa kijana wa shambani kang'atwa mguuni, kope zimeanguka, hawezi kumeza mate, kifua kinainuka kidogo tu. Mapafu yake mazima kabisa ila hakuna wa kuyasukuma. Tulimuwekea bomba kooni tukaanza kumpulizia kwa mkono na ule mfuko wa mpira tunaouita ambu, minya, achia, minya, achia, kila sekunde tano, umeme ulikuwa umekatika na jenereta ya hospitali ile haikuwa na mafuta. Tulipokezana watu wanne mpaka alfajiri, vidole vinakufa ganzi. Alipona. Kilichomponya ni mwili wake wenyewe na dawa ya sumu, sisi tulimshikia tu muda. Kila ninapoelezea mashine ya kupumulia narudi kwenye usiku ule, kwa sababu mashine zote, za bei gani sijui, zinafanya kilekile: zinashika muda mpaka dawa ifanye kazi na mwili urudi.

Na hilo sio wazo langu, ndivyo fani nzima ilivyozaliwa. Mwaka 1952 jiji la Copenhagen, Denmark, lilipigwa na polio mbaya, watoto wanapooza misuli ya kupumua. Wakati huo zilikuwepo mashine za chuma, mgonjwa analala ndani kichwa tu ndo kiko nje, mashine inavuta kifua kwa nje, ilitengenezwa Marekani mwaka 1928. Hospitali ilikuwa nazo chache sana, na katika wiki tatu za mwanzo kati ya wagonjwa 31 waliopooza kupumua wakafa 27. Daktari wa usingizi anaitwa Bjørn Ibsen akasema tuwatoboe koo tuwapulizie hewa kwa mkono kama tunavyofanya chumba cha upasuaji, akaanza na binti wa miaka 12. Wakaitwa wanafunzi wa udaktari, kama 1,500 walipita pale kwa zamu, wanakaa pembeni ya kitanda wanaminya mfuko mchana na usiku, kuna wakati wagonjwa 70 wanapuliziwa kwa pamoja. Vifo vikashuka mpaka chini ya nusu. Vyumba vya wagonjwa mahututi (ICU) unavyoviona leo asili yake ni pale.

Sasa nije kwa shangazi. Shangazi hasemi uongo, anasema alichokiona. Kaona jirani kawekewa oksijeni kafa, kaona na mwingine, akaunganisha. Kinachotokea ni kwamba mgonjwa anakaa nyumbani siku tano anakunywa dawa ya kikohozi ya dukani na tangawizi, anasuguliwa kifua, anapelekwa kwa huyu na yule, anafika hospitali pumzi za mwisho, hapo lazima awekewe oksijeni, na huyo anaweza kufa, lakini kilichomuua ni zile siku tano. Mwaka 2025 ulitoka utafiti mkubwa sana wa Afrika kwenye jarida la Lancet, hospitali 180 katika nchi 22, wagonjwa karibu 20,000 waliangaliwa kwa siku moja vitandani. Mgonjwa mmoja kati ya wanane alikuwa mahututi, wengi wao hawapo ICU wapo wodi za kawaida tu, na kati ya waliokuwa wamefeli kupumua waliokuwa wanapewa oksijeni ni asilimia 48. Yaani zaidi ya nusu walikuwa wamelala wanazama hewani na hawana hata mpira wa puani. Mimi namba hiyo iliniuma sana nilipoisoma na bado inaniuma. Kwaiyo mwambie shangazi, kwa adabu, kwamba kupewa oksijeni sio dalili ya kufa, wengi wetu tatizo ni kuikosa au kuchelewa kuipata, na baba yako yupo upande wa waliopata.

Swali la nesi. Mwanangu, huyo nesi mshukuru. Nasema hivi bila kumpima mzee, naongea kutokana na historia uliyonipa: miaka mingi ya vumbi la mkonge, na kazi ya brashi ndo penye vumbi kali kuliko sehemu nyingine za kiwandani, halafu TB. TB inapona, vijidudu vinakufa, lakini makovu inayoyaacha kwenye mapafu hayaondoki, kuna watu wanamaliza dozi vizuri na bado kifua kinabana miaka kumi baadaye. Mapafu ya namna hiyo mara nyingi yana shida ya kutoa hewa ukaa. Sasa mwili una akili yake, unaifungia damu njia isipite kwenye vyumba vibovu vya pafu, ipite kwenye vizima. Ukimmiminia oksijeni nyingi zile njia zinafunguka, damu inaenda tena kwenye vyumba vibovu, hewa ukaa inapanda, mzee anasinzia. Ndo maana kwa mgonjwa wa aina hii lengo ni 88 mpaka 92, ile 95 uliyoisoma ni ya mapafu mazima.

Hii ilipimwa, sio kuhisi. Kule Tasmania, Australia, utafiti uliotoka 2010 ulichukua wagonjwa 405 waliobebwa na gari la wagonjwa wakishukiwa kuwa na ugonjwa sugu wa mapafu yaliyobana (COPD), kundi moja likapewa oksijeni nyingi kama mazoea, kundi lingine ikapimwa ibaki 88 mpaka 92. Waliopewa nyingi wakafa asilimia 9, waliopimiwa asilimia 4. Oksijeni ni dawa kama dawa nyingine, ina dozi. Naomba uwaambie ndugu zako wote wanaolala hapo wodini: kile kitufe cha kwenye mita ya mtungi wasikiguse. Nimeona mara nyingi, kaka mtu anakaa anamuonea huruma mzazi wake, nesi akigeuka anazungusha, ule mpira mdogo wa kwenye mita unapanda kutoka 2 mpaka 8, chupa ya maji inachemka bwabwabwa, anaona kafanya jambo jema. Saa mbili baadaye mzee haamki.

Kuhusu chenyewe kipimo cha kidoleni, kilibuniwa na mhandisi wa Japani Takuo Aoyagi miaka ya 1970 na kimeokoa watu wengi mno, ila kijue udhaifu wake. Utafiti wa Marekani wa mwaka 2020 ulilinganisha kipimo hicho na damu ya mshipa, kwa wagonjwa ambao kipimo kilisoma 92 mpaka 96, wenye ngozi nyeusi asilimia karibu 12 damu yao ilikuwa chini ya 88, weupe asilimia kama 4. Kwaiyo kwetu sisi namba inaweza kupamba mambo. Vidole vya baridi pia vinadanganya, na rangi ya kucha, na piko (kina mama wanaotoka harusini nawaambia tutumie kidole kisichopakwa au sikio). Ndo maana mimi namba peke yake siiamini, naangalia na mgonjwa: anamaliza sentensi au anakata katikati kuvuta hewa, shingo inavuta, mbavu zinaingia ndani, anapumua mara ngapi kwa dakika. Mtu mzima ametulia anapumua mara 12 mpaka 20. Akifika 30 hata kama kipimo kinasoma vizuri mimi sikai chini.

Haya, mashine ya maski. Watu wanachanganya, wanadhani ni ileile ya kuwekewa bomba kooni na kulazwa usingizi. Hii ya maski mgonjwa yupo macho, maski inabana usoni, mashine inasukuma hewa anapovuta na kupunguza anapotoa, inaupumzisha ule mkono uliochoka. Kwa wagonjwa wa mapafu yaliyobana hewa ukaa ikipanda hii ndo yenye ushahidi mzuri kuliko karibu kila kitu tulichonacho. Utafiti wa Ulaya wa mwaka 1995, wagonjwa 85 tu lakini tofauti ilikuwa ya wazi: waliopewa matibabu ya kawaida peke yake asilimia 74 waliishia kwenye bomba la kooni, waliopewa maski asilimia 26, na vifo vikashuka kutoka asilimia 29 mpaka 9. Baadaye tafiti nyingine zikakuta hivohivo. Kwaiyo daktari akija akisema tunaomba tumhamishie mzee kwenye maski, kwa historia yake mimi nisingeliona kama jambo la kuogopa, ningeliona ni bahati kwamba hospitali inayo. Saa za mwanzo ni ngumu, maski inabana, mzee atataka kuivuta, kinywa kinakauka. Hapo ndo kazi yako, kaa nae, mshike mkono, mwambie avute taratibu. Akitapika au akianza kulegea ita watu mara moja, maski itolewe.

Mashine ya bomba kooni ni hatua nyingine, na hapa utafiti umetufundisha jambo ambalo wengi hawalijui, kwamba mashine yenyewe inaweza kuumiza. Zamani mapafu yaliyojaa maji na uvimbe, ule ugonjwa unaoitwa ARDS ulioelezwa mara ya kwanza mwaka 1967, tulikuwa tunayapuliza hewa nyingi tukidhani tunasaidia. Mwaka 2000 Marekani wakatoa matokeo ya wagonjwa 861, nusu wanapewa pumzi kubwa ya mililita 12 kwa kilo, nusu pumzi ndogo ya mililita 6, na kilo zenyewe zinahesabiwa kwa urefu wa mtu sio unene wake. Kwa mwanaume wa sentimita 170 pumzi kubwa ni zaidi ya chupa mbili za soda kila akivuta, pumzi ndogo ni chupa moja na kidogo. Kundi la pumzi kubwa walikufa karibu asilimia 40, la pumzi ndogo 31. Hakuna dawa mpya wala mashine mpya hapo, ni kupunguza tu nguvu ya mkono. Miaka 13 baadaye Wafaransa wakaonyesha kwamba mgonjwa mahututi wa namna hiyo aliye kwenye mashine akilazwa kifudifudi angalau saa 16 kwa siku vifo vinashuka kutoka karibu 33 mpaka 16 kwa mia, manake sehemu ya nyuma ya mapafu iliyokuwa imekandamizwa inafunguka. Kumgeuza mtu mwenye mabomba bila kuyachomoa kunataka watu watano wanaoelewana, mmoja kashika kichwa na bomba anahesabu moja mbili tatu. Hiyo hata sisi tunaweza.

Na nikuambie ukweli mwingine ambao wauza mashine hawausemi. Kuna kifaa rahisi cha watoto, mpira wa puani ambao ncha yake ya pili inazamishwa kwenye chupa ya maji, mapovu yanatengeneza msukumo unaoacha vifuko vya mapafu wazi. Dhaka, Bangladesh, matokeo ya 2015, watoto wenye nimonia kali waliopata kifaa hicho walikufa 4 kwa mia, waliopata oksijeni ya kawaida 15 kwa mia. Watu wakashangilia. Wakajaribu Malawi, hospitali ya wilaya ya Salima, watoto 644 wengi wana utapiamlo au VVU au oksijeni iliyoshuka sana, matokeo ya 2019 yakaja kinyume: kifaa 17 kwa mia, oksijeni ya kawaida 11. Watoto hawakuwa wa aina moja kabisa, lakini tofauti kubwa ninayoiona mimi ni kwamba Dhaka daktari alikuwepo kila saa, Salima daktari hakuwepo kila siku wodini. Kifaa kilekile. Ndo maana mimi nikiulizwa Tanga tununue nini kwanza sisemi ventileta (ile mashine ya bomba kooni), nasema oksijeni isiyokatika, kipimo cha kidoleni kila wodi, na nesi mwenye wagonjwa wachache wa kutosha kuweza kurudi kuangalia. Niliwahi kufanya kazi mahali mtungi umejaa upo pembeni ya kitanda na spana ya kufungulia imefungiwa stoo, mwenye funguo kaenda msibani. Mgonjwa yule sitamtaja, ila namkumbuka.

Kuhusu kujaribiwa. Anachopewa baba yako sio majaribio, ni matibabu ya kawaida ambayo wengine walishayajaribu na kukubali kwa hiari yao. Ukija utafiti wa kweli utaujua: utaelezwa kwa Kiswahili, utapewa fomu, una haki ya kukataa na matibabu yakaendelea vilevile, na lazima uwe umepitishwa na kamati ya maadili. Wenzetu wa Bagamoyo na Korogwe wanalijua hili, chanjo ya malaria ya watoto ilifanyiwa majaribio kwao. Na bila utafiti tungekuwa bado tunawapuliza watu pumzi za soda mbili. Ile deksa (deksamethasoni, dawa ya kutuliza uvimbe mwilini) ya wakati wa korona pia, Uingereza 2020 walikuta inapunguza vifo kwa karibu theluthi kwa walio kwenye mashine, lakini kwa wasiohitaji oksijeni haikusaidia kitu, na watu huku walikuwa wanainunua dukani wanameza wakiwa wanatembea barabarani, tafadhali msimpe mzee kitu cha pembeni.

Kuna jambo gumu ambalo lazima mliongee kama familia, na liongeeni mapema mzee akiwa anaweza kusema mwenyewe. Maski ikishindwa, je, awekewe bomba? Kuna mapafu yaliyochakaa kiasi kwamba ukimuweka kwenye bomba kumtoa kunakuwa kazi kubwa sana, na kuna ambao wanatoka vizuri kabisa. Muulizeni daktari waziwazi: kilichomzidisha safari hii ni kitu kinachotibika, nimonia labda, au ni mapafu yenyewe yamefika mwisho? Na kabla hajaumwa hivi alikuwa anatembea mpaka wapi, msikitini na kurudi, au mlangoni tu? Jibu la maswali hayo mawili lina uzito kuliko umri wake. Muulize pia kama makohozi yamepimwa TB upya kwa ile mashine ya GeneXpert (jini eksipati), maana aliyewahi kuugua anaweza kuugua tena, na picha ya kifua ikiwepo ombeni mfafanuliwe.

Kwa leo ukienda jioni fanya hivi. Kaa pembeni yake, usimwambie kitu, tazama kifua chake na saa ya simu uhesabu pumzi dakika nzima, sio robo dakika unazidisha, dakika nzima. Andika kwenye kidaftari: saa, pumzi ngapi, kipimo kinasoma ngapi, mita ya oksijeni iko ngapi, ameongea sentensi nzima au la. Rudia usiku kabla hujaondoka, na atakayelala nae aendelee. Asubuhi daktari akija raundi mpe kidaftari, na mimi niandikie hapa namba hizo nijue mzee ameamkaje.